Hamira Ndani ya Damu

Sisi wa Buyenzi twaijua hamira tangu utoto, maana ndiyo iumuayo maandazi ya asubuhi. Leo napenda kueleza habari za jamaa zake wabaya, waitwao Candida. Hao hukaa kinywani na tumboni mwa mtu mwenye afya pasipo kumdhuru. Lakini mgonjwa mahututi ana mpira katika mshipa, pengine amepasuliwa tumbo, tena amepewa dawa nyingi za kuua bakteria. Na bakteria wema waliozuia hamira wamekufa pamoja na wabaya. Ndipo hamira hupata njia ya kuingia damuni.

Homa yake hufanana na homa ya bakteria. Basi hutambulikanaje?

Kwanza, damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu, ikawekwa penye joto. Hamira huota polepole, mara nyingi siku 2 au 3. Tena njia hii hukosa karibu nusu ya wagonjwa. Kwa hiyo chupa isiyoota kitu haimwondolei daktari mashaka.

Pili, tone hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Hamira ni ya mviringo, ni kubwa kuliko bakteria, na huchipua kitoto ubavuni.

Tatu, hutafutwa jina. Unga wa muhogo na wa ngano hufanana kwa macho. Ukanda kwa hamira, nao wa ngano ndio utakaoumuka vema. Vivyo hivyo hapa, tabia hutambulisha kuliko sura. Hamira kidogo hutiwa katika maji ya damu, yaani seramu, ikaachwa kwa nyuzi 37 muda wa saa 2 hadi 3. Ikitoa mrija usiobanwa penye shina, yaelekea sana kuwa Candida albicans. Isipotoa, uchunguzi uendelee.

Jina lina faida gani? Ndilo lionyeshalo dawa. Flukonazoli haiiwezi Candida krusei. Tena mwaka 2009 wataalamu wa Japani walieleza hamira mpya iliyotoka sikioni mwa mgonjwa, wakaiita Candida auris. Nayo mara nyingi huishinda dawa hiyo. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, kati ya 2010 na 2016, wagonjwa 201 walionekana na Candida damuni, na 77 kati yao walikuwa na auris. Hapo mwanzo mashine iliiita Candida haemulonii, kwa kuwa jina jipya halikuwamo katika kumbukumbu zake. Mashine nayo hujua lile tu ililofundishwa.

Wenzangu husema haya ni mambo ya hospitali za matajiri. Mimi sikubali. Seramu, joto na hadubini si vitu vya ajabu. Tena auris hukaa juu ya vitanda na mikononi, ikamfikia mgonjwa wa pili. Hivyo kunawa mikono ni kinga ambayo hata sisi wanafunzi twaiweza tuendapo kuwatazama wagonjwa wetu.