Dondoo muhimu: Ndege ya kurushia miavuli

Klabu changa ya kuruka kwa miavuli ihesabu kwanza warukaji wa siku ya kawaida, si wa siku ya tamasha, ndipo itazame bei ya ndege. Cessna 182 hubeba rubani na warukaji wanne. Cessna 208 Caravan hubeba zaidi ya kumi na kuwafikisha futi 13,000 haraka zaidi. Watetezi wa Caravan husema wingi na kasi hiyo hushusha gharama kwa kila mrukaji. Ni kweli, ila viti vikijaa. Ikipaa na watu watano, hao ndio watakaolipia injini ambayo ukarabati wake mkuu hugharimu mamia ya maelfu ya dola.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya Cessna 182 ni mafuta: nyingi hutumia avgasi, ambayo sehemu nyingi za Afrika ni adimu na ghali kuliko Jet A-1 ya Caravan. Hapo afadhali kukodi Caravan kwa saa, wikiendi tu. Ukiamua kununua 182, fundi asiye wa muuzaji apime mgandamizo wa silinda na kusoma daftari za matengenezo, maana kupanda kwa nguvu zote na kushuka kwa kasi siku nzima huichosha injini (rangi mpya haisemi lolote). Dai pia kibali cha kufungua mlango angani kabla hujalipa hata shilingi.