Timazi na Dhana ya Wima: Mfano wa Ujenzi katika Eneo la Kabazi

Neno timazi limo katika kamusi, limo katika Biblia ya Kiswahili (kitabu cha Amosi, sura ya 7), na aghalabu limo katika orodha za vifaa ambazo wanafunzi huzikariri. Hata hivyo, kulijua neno ni jambo moja na kukijua kitu chenyewe ni jambo jingine. Si ajabu kumsikia mwanafunzi wa Kiswahili akiichanganya timazi na pima maji, kana kwamba ni visawe. Makala haya yanaieleza timazi kwa kufuata namna inavyoundwa na kutumiwa. Yamechagua Kabazi, iliyo katika eneo bunge la Subukia, Kaunti ya Nakuru, kwa kuwa huko suala la ukuta kusimama wima si la nadharia.

Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6.9 liliikumba Subukia, na ardhi ikapasuka kwa zaidi ya kilomita 30 kandokando ya ngema ya Laikipia na Marmanet. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa nchini Kenya. Bonde lenyewe, hata hivyo, huitwa la Ufa, na wenyeji wake wanaendelea kujenga kwa mawe. Zaidi ya hayo, eneo hili ni la miteremko. Jicho la mtu aliyesimama mteremkoni hutafuta kitu cha kulinganishia, na ikiwa ua, barabara na mipaka ya mashamba vyote vimeinama, jicho hukubali kwa urahisi ukuta ulioinama kuwa umesimama.

Tuanze na maneno. Wima linatokana na mzizi -ima, wenye maana ya kusimama, ambao tunao pia ndani ya simama. Mlalo linatokana na lala. Lugha, basi, imeziona pande hizi mbili kupitia mwili wa binadamu: aliyesimama na aliyelala. Timazi ni kifaa cha wima. Pima maji asili yake ni kifaa cha mlalo, kwa kuwa maji yaliyotulia hulala sawasawa. Kwamba pima maji za leo zina kijichupa cha pili cha kupimia wima hakubadilishi jina lake. Kuna pia bildi, uzito wa risasi uliofungwa kambani, ambao mabaharia huuteremsha ili kujua kina cha maji. Bildi na timazi hufanana kwa umbo kiasi cha kumdanganya mtazamaji, lakini kazi zao hazihusiani. Bildi hutoa urefu, yaani pima kadhaa. Timazi haitoi kipimo chochote. Huonyesha mwelekeo tu.

Kuunda timazi si kazi ngumu. Kinachohitajika ni kipande cha chuma cha mviringo chenye uzito wa kati ya gramu 300 na 500, uzi wa nailoni, na kibao kidogo cha mraba. Uzi wa katani uliosokotwa haufai sana, kwa sababu hujisokotoa na kuuzungusha uzito bila kikomo. Tundu la uzi litobolewe katikati kabisa ya chuma. Siri yote imo katika kibao: upana wake lazima ulingane na kipenyo cha chuma, nalo tundu lake liwe katikati. Kwa njia hiyo uzi huwa mbali na ukuta kwa kiasi kilekile juu na chini.

Kabla ya kuiamini, timazi yenyewe hujaribiwa. Ining'inizwe mbele ya ukuta hadi chuma kiuguse kidogo, kisha chuma kigeuzwe nusu mzunguko. Kikiugusa vivyo hivyo, tundu liko katikati. Kikiachana nao au kikiukandamiza, tundu limekwenda kombo, na kila ukuta utakaopimwa kwacho utakwenda kombo pia.

Kwenye mjengo, fundi hukiegemeza kibao kwenye uso wa jiwe la juu, huku akiuteremsha uzi mpaka chuma kifike karibu na safu ya kwanza. Uzi wa mita 3 huchukua takriban sekunde tatu na nusu kwenda na kurudi, kwa hiyo anayesoma kwa pupa husoma mchezo wa uzi, hasomi wima. Upepo ukizidi, mtu wa mkono anaweza kuweka ndoo ya maji ili chuma kizame humo na kutulia. Hapo fundi hulinganisha kwa rula masafa ya uzi na ukuta, juu na chini. Kukiwa shwari, usomaji ni huu: chuma kikiugusa ukuta bila kuulalia, ukuta ni wima. Kikiachana nao, ukuta umeinama kuelekea kwa fundi. Kikiulalia, umeinama upande wa pili. Pembe za nyumba hupimwa nyuso zote mbili.

Je, kosa la kiasi gani lina madhara? Tuchukue ukuta wa mawe ya inchi 6 wenye kimo cha mita 3, usio na paa wala ukuta mwingine wa kuushika. Ukiinama kwa zaidi ya inchi 2 kutoka chini hadi juu, mstari wa uzito wake hutoka nje ya theluthi ya kati pale kitakoni. Saruji ya upande mmoja huacha kugandamizwa na kuanza kuvutwa, nayo saruji ni dhaifu inapovutwa. Tetemeko likija litaukuta ukuta huo umekwisha kuanza safari. Methali ya ufa na ukuta ina ukweli wake, ila ukuta wa namna hii unaweza kukaa muda mrefu bila ufa wowote wa kuzibwa.

Msomaji mdadisi atauliza iwapo ngema kubwa za Bonde la Ufa haziwezi kuuvuta uzi. Zinauvuta. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne aliipima athari kama hiyo kwenye mlima Schiehallion, Uskoti. Lakini mvuto wa sekunde 10 za pembe, katika uzi wa mita 3, hausogezi chuma hata kwa moja ya tano ya milimita. Isitoshe, ukuta huelemewa kwa kufuata mvuto uleule unaouelekeza uzi.

Fasili za kamusi huridhika kutaja uzito na uzi. Kibao hakitajwi, na bila kibao timazi ya mwashi haiwezi kutofautishwa na bildi ya nahodha.