Nyama wageni wa Nyuzilandi

1. Nyuzilandi ni nchi ya visiwa katika bahari kubwa ya Pasifiki. Zamani, kabla watu hawajafika, katika misitu yake hamkuwa na swala, wala nguruwe, wala chui. Nyama wenye kunyonyesha waliokaa nchi kavu walikuwa popo tu. Ndege walikuwa wengi sana.

2. Waingereza walipohamia huko, walitamani kuwinda kama kwao. Mwaka 1861 walifungua kulungu wa Ulaya karibu na Nelson. Huyu si kulungu wa pori letu: pembe za dume zina matawi kama mti, nazo huanguka na kuota tena kila mwaka. Mwaka 1907 Mfalme Franz Joseph wa Austria aliwatumia zawadi ya nyama wa milimani wanaofanana na mbuzi. Sheria ikawalinda nyama hao, ili wazae.

3. Wakazaa, wakajaa. Chakula kilikuwa tele, na hapakuwa na chui wa kuwapunguza. Walikula majani na miti michanga, hata mahali pengine msitu haukuota tena. Huko kuna ndege aitwaye takahe, asiyeweza kuruka. Watu walidhani amekwisha kabisa. Mwaka 1948 daktari Orbell alimwona tena milimani. Lakini majani anayoyala takahe, kulungu naye anayala!

4. Mwaka 1930 serikali iliondoa ulinzi wa kulungu. Ikaandika wawindaji wa mshahara. Walilala milimani, wakavuka mito ya baridi, wakaua maelfu na maelfu. Miaka ya 1960 watu walianza kuwinda kwa helikopta. Hata hivyo, kulungu wangali wako mpaka leo.

5. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mgeni alikuja, mwenyeji akaugua. Katika misitu ya Kongo chui hula swala, na swala hula majani; kila mmoja ana mpaka wake. Basi, kabla ya kuleta nyama mgeni, mtu mwenye akili huuliza: Atakula nini? Na nani atamla?

Maulizo
1. Kwa nini Waingereza walileta kulungu?
2. Kwa nini kulungu walizidi sana?
3. Takahe alipata shida gani?
4. Katika pori la kwenu, nyama gani hula nyama wengine?