Amana ya Calicut

Mji wa Calicut, uitwao leo Kozhikode, uko katika pwani ya Malabar, magharibi ya Bara Hindi. Hauna ghuba ya kuvikinga vyombo. Zamani majahazi yalitia nanga mbali, bahari wazi. Basi tajiri waliufuatia nini? Pilipili manga, na zaidi yake, amana. Abd al-Razzaq wa Samarqand, aliyefika mwaka 1442, alishuhudia kuwa walinzi wa forodha walilinda bidhaa usiku na mchana. Iliyouzwa ilitozwa sehemu moja katika 40, isiyouzwa haikutozwa kitu. Na mfalme wake hakuwa Mwislamu.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika kwa rubani aliyepewa Malindi. Mwaka 1510 Wareno wakautia moto Msikiti wa Mithqal. Ulijengwa tena, nao ungalipo. Ndugu zetu, tuzingatie: uadilifu uliujenga mji ambao maumbile hayakuupa bandari.