SOMO: KUHAMISHA PICHA KUTOKA KWENYE MKANDA WA VIDEO HADI KWENYE KOMPYUTA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wanafunzi wapendwa na wazazi wetu, baada ya vita vya Yamama, ambamo mahafidhi wengi waliuawa, Sayyidna Umar (R.A.) alimshauri Khalifa Abubakar (R.A.) kuikusanya Qur'ani. Zayd bin Thabit (R.A.) aliikusanya kutoka kwenye makuti, mawe, ngozi na vifua vya watu. Qur'ani ina ahadi ya Allah ya kuhifadhiwa. Kumbukumbu zetu nyingine hazina ahadi hiyo, bali ni amana mikononi mwetu.

Baadhi ya nyumba hapa Singida bado zina kanda za VHS za maulidi, nikahi, mahafali na mawaidha ya masheikh waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Kanda hizi zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kwa hiyo deki zilizobaki zinachakaa, na kanda nazo zinachakaa. Ndani ya mkanda, picha imeshikwa na unga wa sumaku uliopakwa juu ya plastiki. Joto la chini ya bati, vumbi na unyevu huuharibu.

Vifaa vinavyohitajika

1. Deki nzima iliyosafishwa.
2. Kifaa cha kunasia picha, kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta.
3. Waya wa vichwa vitatu: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia.
4. Kompyuta yenye programu ya kurekodi, mfano OBS Studio, ambayo hutolewa bure.

Hatua za kufuata

Kwanza, tazama mkanda. Ukiona ukungu mweupe, usiuchezeshe, kwani utachafua deki na kanda nyingine. Mpelekee fundi.

Pili, vunja kile kipande kidogo cha plastiki kilichoko mgongoni mwa kasha la mkanda, kama bado kipo. Kikishatoka, deki haitaweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Tatu, peleka mkanda mbele hadi mwisho, kisha urudishe mwanzo, ili ulegee na kujipanga.

Nne, chagua mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania. Mkanda uliotoka Marekani huwa wa NTSC, na huhitaji deki inayousoma mfumo huo.

Tano, anza kurekodi kwenye kompyuta, ndipo ubonyeze deki icheze. Hapa hakuna njia ya mkato: mkanda wa saa tatu huhamishwa kwa saa tatu. Umeme ukikatika deki itazima, hivyo rekodi kwa vipande vya nusu saa na kuhifadhi kila kipande.

Andaa nafasi pia. Picha ya mfumo wa DV hula takriban GB 13 kwa saa. Ikibanwa hupungua sana, lakini ubora nao hupungua.

Kuhariri kwa uaminifu

Usihariri nakala ya kwanza. Iache kama ilivyo, toa nakala ya pili, kisha ukate hiyo. Unaruhusiwa kuondoa sehemu tupu au kupandisha sauti. Lakini kukata maneno ya sheikh hadi maana ibadilike ni khiyana. Tazameni aya ya 43 ya Sura An-Nisaa, inayokataza kuswali katika hali ya ulevi. Msomaji akiishia katikati, atadhani swala yenyewe imekatazwa!

Vilevile, kama wanazuoni wa hadithi walivyotunza sanadi, andika jina la msemaji, mahali, tarehe na aliyehamisha mkanda.

Tahadhari kubwa ni kanda za harusi. Ndani yake wamo mama zetu na dada zetu waliojipamba wakiwa peke yao. Kuupeleka mkanda huo studio ya mjini ni kuufungulia macho ya wasiokuwa maharimu. Ni bora kazi hiyo ifanywe nyumbani na mabinti wa familia, na nakala isitolewe bila idhini ya wahusika.

Mwisho, weka nakala mbili katika vifaa tofauti na nyumba tofauti. Mkanda wa asili usitupwe. Usimamishe wima ndani ya kasha, mbali na jua na spika.

Maswali

1. Kwa nini mkanda wa saa mbili hauwezi kuhamishwa kwa dakika kumi?
2. Taja sababu mbili za kutokuhariri nakala ya kwanza.
3. Waulize wazazi: nyumbani kuna kanda gani, na nani anasikika humo?

Allah atujaalie kuwa wenye kutunza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.