Tumbo Linalofunga Choo

Wengi wetu hapa Bumula tunapenda unga mweupe. Mahindi hukobolewa, pumba hupewa ng'ombe, na mtoto hubaki kulia chooni. Lakini nguvu ya kulainisha choo imo katika pumba hizo. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji nchini Uganda, alieleza pamoja na wenzake mwaka 1972 kwamba chakula chenye nyuzinyuzi hupita tumboni upesi zaidi.

Basi, fanya hivi:

1. Saga mahindi bila kukoboa, au uchanganye na wimbi. Yawe makavu, yasiwe na ukungu.
2. Kula maharagwe, mrenda, kunde na viazi vitamu.
3. Ongeza kidogo kidogo, na unywe maji mengi.

Ukiona damu, au tumbo likivimba pamoja na kutapika, usikawie: nenda hospitali.