Nyumba ya Kupangisha Raskazone: Hesabu na Mkataba Kabla ya Ufunguo

Wakazi wengi huiona nyumba ya kupangisha kuwa akiba ya uzeeni. Fikra hiyo ni njema, lakini akiba hiyo hudumu tu ikiwa mwenye nyumba anajua gharama zake na mpangaji anajua haki zake. Somo hili linawahusu wote wawili.

1. Hesabu ya mapato
Tuchukue mfano wa nyumba iliyogharimu shilingi 40,000,000 na kupangishwa kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa haraka mtu atasema fedha zake zitarudi baada ya miaka 11. Sasa tutoe mwezi mmoja ambao nyumba itakaa tupu: yanabaki mapato ya shilingi 3,300,000 kwa mwaka. Tutoe kodi ya mapato ya asilimia 10, yaani 330,000. Kodi ya jengo 18,000. Na matengenezo 500,000. Zinabaki shilingi 2,452,000, na fedha zitarudi baada ya miaka zaidi ya 16. Aliyekopa kwa kutegemea hesabu ya kwanza atajikuta anadaiwa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

2. Chumvi ya bahari
Raskazone imezungukwa na upepo wa bahari. Chumvi hula mabati, bawaba na nondo za madirisha. Nondo iliyo ndani ya zege ikipata kutu hutanuka na kulipasua zege lenyewe. Kwa hiyo, usijengee mchanga wa ufukweni, funika nondo kwa zege la kutosha, na paka rangi ya kuzuia kutu. Kagua paa na mifereji mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba.

3. Mkataba wa maandishi
Mkataba utaje kiasi cha kodi ya pango, muda wake, amana na masharti ya kuirejesha, na nani atatengeneza nini. Siku ya kukabidhiana ufunguo, pande zote mbili zikague nyumba pamoja, ziandike hali ya kila chumba na kusaini. Kila malipo yapewe stakabadhi. Pale ambapo wapangaji kadhaa wanatumia mita moja ya LUKU au dira moja ya maji, mgawanyo wa gharama uandikwe mapema. Ugomvi mwingi wa uani huanzia hapo.

4. Kodi ya jengo
Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa kiwango kilichoanza Julai 2023, nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, ingawa anayenunua umeme ni mpangaji. Mkataba ueleze jinsi mpangaji atakavyofidiwa, mathalani kwa kupunguziwa kodi ya pango.

5. Panapotokea mgogoro
Mwenye nyumba asifunge mlango kwa kufuli, asikate umeme, wala asing'oe mabati ili kumtoa mpangaji. Ampe notisi ya maandishi na kufuata utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mpangaji naye asihame usiku akiacha deni. Mazungumzo yaanzie kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Yakishindikana, shauri lipelekwe Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Likishindwa kusuluhisha, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kote, mwenye karatasi husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko mwenye maneno matupu.

Jipime
Je, mkataba wako umeandikwa? Stakabadhi ya mwisho iko wapi? Nani analipa kodi ya jengo nyumbani kwako? Ukikosa jibu la swali lolote, kaa na mwenzako mlimalize wiki hii, kabla halijawa shauri.